Kabati la Mninga Lisilotoka Chumbani: Namna Ninavyolikata Bila Kuliua

Mwezi wa saba mwaka jana niliitwa Mikindani na dada wawili waliofiwa na mama yao. Nyumba ni ya zamani, ya mawe na chokaa, si mbali na Boma, lile jengo la Wajerumani la mwaka 1895. Chumbani mlikuwa na kabati la nguo la mninga, milango mitatu, urefu sentimita 210, upana 180, kina 60. Mjomba wao, ambaye kwa desturi zetu za kusini neno lake ni zito, alikuwa ameshasema lipasuliwe, mbao zigawanywe. Jirani mmoja akaona bora likapikiwe arobaini. Nikapitisha kiganja juu ya kabati, nikapangusa vumbi, nikaona kina chote kile cha sentimita 60 kimeundwa kwa mbao mbili tu zilizounganishwa. Mbao mbili, kila moja karibu futi nzima kwa upana. Nenda leo kwenye magenge ya mbao hapa Mtwara uulize mninga wa upana huo, uone utakavyoangaliwa. Nikamwambia mjomba kwa heshima, "Mzee, nipe siku mbili. Hili litatoka zima, ila litatoka mawili."

Watu huniuliza kabati liliingiaje chumbani kama haliwezi kutoka. Jibu ni kwamba halikuingia. Zamani mwenye nyumba alikuwa anaita fundi na mbao zake, fundi anakaa ukumbini wiki mbili, anaunda kabati humo humo. Nyumba zetu nyingi zina ukumbi mrefu katikati na vyumba huku na huku. Wa nyumba ile una upana wa sentimita 140, na mlango wa chumba sentimita 75. Kabati lenye upana wa 180 ukilitanguliza ubavu, linagonga ukuta wa pili wa ukumbi kabla mkia wake haujatoka chumbani. Hapo ndipo watu huchukua shoka.

Kabla ya msumeno, hakikisha kwanza kwamba msumeno unahitajika. Makabati mengine yanafunguka. Tazama nyuma na juu: ukiona skrubu kubwa kwenye kona, au vijiti vya kabari vilivyopigwa kwenye tundu, huenda fundi wake aliacha njia ya kulivua. Jaribu bisibisi, jaribu kugonga kabari kwa nyundo na kipande cha mti. Toa kitako, yaani ile fremu ya chini linapokalia, na ule urembo wa juu. Hivi viwili mara nyingi vimepigiliwa misumari tu, na vikitoka urefu unapungua. Kabati la Mikindani lilishuka kutoka 210 hadi 195, na hilo lilitosha kupita chini ya fremu ya mlango likiwa limesimama. Upana ndio uliobaki kuwa tatizo, na viungo vyake vyote vilikuwa vya gundi na misumari iliyoshika kutu ya pwani. Hapo kufungua ni kuvunja. Kukata ni salama kuliko kung'oa, maana ubao uliokatwa vizuri unaungika, ubao uliong'olewa unapasuka kufuata nyuzi zake hadi mwisho.

Sasa nikuambie jambo ambalo naliona ndilo lenyewe, mengine yote ni mazoezi ya mkono. Usiulize nitakata wapi. Uliza kila kipande kikishatengana kitasimama juu ya nini. Kabati zima ni kama nyumba, kila ubao umebeba kitu. Ukikata bila kujua nani kambeba nani, unabaki na nusu moja nzima na nusu nyingine inayolala chini.

Kabati lile lilikuwa na ubao mmoja wa kati. Kushoto kwake, nafasi ya sentimita 113.5, milango miwili, bomba la kutundikia nguo. Kulia kwake, nafasi ya sentimita 59, mlango mmoja, rafu tano. Mbao zote zina unene wa sentimita 2.5. Yaani sehemu ya kukata ilikuwa inaonekana wazi, kando ya ubao wa kati, na kila dada angepata kabati lake. Swali ni upande gani wa huo ubao. Maana ubao wa kati unakwenda na nusu moja tu, na nusu nyingine inabaki bila ubavu, lazima nitengeneze mpya.

Mwanzoni niliamua uende na kabati kubwa. Sababu yangu ilikuwa kwamba mlango wa pili umening'inia juu yake kwa bawaba tatu, na mlango wa mninga ni mzito. Basi nikaweka alama ya chaki upande wa kulia. Dada mkubwa alikuwa anatoa mashuka ya mwisho kwenye rafu, akamulika na tochi ya simu, akanyamaza. Akaniita, "Fundi, hebu njoo uone." Kwenye ubao wa kati, upande wa rafu, kati ya rafu ya pili na ya tatu, mama yao alikuwa ameandika kwa penseli. Mwaka, halafu gunia. 1986, gunia 7. 1987, gunia 4. Mistari imeshuka hivyo hivyo hadi chini, mwandiko ule ule, penseli tu ndiyo inayobadilika. Korosho zake za kila msimu. Mwaka mmoja hakuandika namba, aliandika tu "mvua".

Ningekata nilipopanga, maandishi yale yangekuwa nje ya kabati kubwa, yanasuguana na ukuta. Nikafuta chaki. Nikahamisha mstari upande wa kushoto wa ubao, sentimita mbili na nusu tu, ili ubao ukae na kabati dogo na maandishi yabaki ndani. Nilipokaa chini kufikiria upya, nikaona hata kifundi ilikuwa sawa: vibao vinavyoshikilia rafu vimepigiliwa kwenye ubao ule ule, kwa hiyo kabati dogo linatoka na rafu zake bila kuguswa, mlango wake unabaki unafunga pale pale ulipozoea. Kazi yote mpya inahamia upande mmoja. Ubavu mpya wa kabati kubwa utabeba bawaba tatu na ncha ya bomba, basi lazima uwe mbao ngumu. Plaiwudi hapo haifai, kwa sababu skrubu ya bawaba ikiingia kwenye ukingo wa plaiwudi inatanua matabaka, na mlango utakushukia kabla ya mwaka.

Weka hesabu kwenye karatasi kabla ya kushika chombo. Yangu ilikuwa hivi: kabati dogo 2.5 na 59 na 2.5, jumla 64. Kabati kubwa 2.5 na 113.5, jumla 116, toa milimita 2 zinazoliwa na msumeno. Ongeza ubavu mpya wa 2.5 kwa nje, inakuwa 118.3. Ona nilivyosema kwa nje. Ukiubandika ubavu mpya ndani, chini ya ubao wa juu, nafasi ya milango inapungua sentimita mbili na nusu na milango haiingii tena. Na zile milimita mbili za msumeno usizidharau. Msumeno wa mkono unakula kama milimita 2, wa umeme wa duara kama 3. Amua mapema zitoke upande gani wa mstari. Mimi huchora mstari, halafu upande unaotakiwa kuliwa naweka vimsalaba vidogo vya penseli, ili hata nikichoka nisijisahau.

Maandalizi sasa. Toa kila kinachotoka: milango, rafu zisizopigiliwa, bomba, droo. Andika namba ndani ya kila kitu kwa penseli, na bawaba na skrubu zake ziingie kwenye mfuko wenye namba hiyo hiyo. Bawaba za zamani hazifanani hata kama zinafanana kwa macho. Kila moja imezoea tundu lake.

Gonga mbao zote kwa mpini wa bisibisi, hasa chini na nyuma panapogusa ukuta. Sauti ikiwa nene, mbao ni nzima. Ikiwa kama unagonga boksi tupu, mchwa wameshapita, na hapo usitegemee kiungo. Kabati la Mikindani lilikuwa limeliwa kwenye kitako tu.

Halafu misumari. Mimi natumia sumaku niliyoitoa kwenye spika ya redio mbovu, naifunga uzi, naitembeza polepole juu ya mstari. Ikivutwa, naweka alama. Sumaku haikamati skrubu za shaba, hizo uzitafute kwa macho, huwa zimezibwa kwa nta au lipu ya rangi. Msumari unaokaa ndani ya njia ya msumeno uutoe, au uukate kwa msumeno wa chuma, au usogeze mstari. Nilipokuwa najifunza kazi kwa mjomba wangu Lindi, nilipitisha msumeno wake mpya kwenye msumari mmoja tu. Meno sita yalikwenda. Hakunipiga, ila alinikalisha na tupa siku nzima ninoe msumeno ule jino kwa jino mpaka nikajua thamani ya kila moja. Tangu siku hiyo nikatembeza sumaku hata kwenye kiti cha mtoto.

Kabla hujakata chochote, fungia kabati mikanda. Chukua mbao nyembamba nne, pigilia kwa misumari midogo mbele ya kabati, mbili kwa kila nusu, zikatizane kama herufi X. Misumari isizame yote, vichwa vibaki juu ili uving'oe baadaye bila kuumiza. Kazi ya mikanda hii ni kushika kona zisihame. Kabati ambalo limesimama miaka arobaini kwenye sakafu ya mteremko limeshajizoesha kupinda, na siku unapolitenganisha linataka kukaa linavyotaka lenyewe. Pima kona kwa kona, juu kushoto hadi chini kulia, kisha juu kulia hadi chini kushoto, kila nusu peke yake. Vipimo viwili vikilingana, kona ziko sawa.

Kata mgongo kwanza, kabati likiwa bado limesimama. Livute mbali na ukuta, mgongo kwa kawaida ni plaiwudi au mbao nyembamba, msumeno mdogo unatosha. Kisha mlilaze chali, watu wanne, polepole. Chini yake muweke vipande vinne vya mti vya kimo kimoja, viwili kila upande wa mstari, sio mbali na mstari. Hapa wengi hukosea. Wanaweka vigogo kwenye ncha mbili tu. Msumeno ukifika katikati, kabati linalegea, mdomo wa mkato unajifunga, na msumeno unabanwa kama mguu kwenye matope. Ukiulazimisha unapinda au unapasua ubao. Kila nusu ikiwa na miguu yake miwili chini, unakata hadi mwisho na hakuna kinachoanguka.

Kwa kabati lililolala chali, ubao wa juu na ubao wa chini sasa vimesimama wima, unavikata kutoka ukingo wa mbele kushuka hadi nyuma, sentimita 60. Nyuzi za mbao hizi zinakwenda na upana wa kabati, kwa hiyo unakingama nyuzi. Tafuta msumeno wa kukingamia, wenye meno madogo yaliyochongoka kama kisu. Msumeno wa kupasulia, wenye meno makubwa kama patasi, utang'oa nyuzi na kuacha mdomo wa mamba.

Piga mstari kwa skwea, ile pembe mraba ya fundi, pande zote mbili za ubao. Kisha upitie mstari kwa ncha ya kisu kikali, kwa nguvu, mara mbili tatu. Kisu kinakata nyuzi za juu, na vibanzi vikija vinakatikia hapo. Msumeno wa mkono unakata ukisukumwa, kwa hiyo upande unaochanika ni ule wa mbali nawe. Simama upande utakaoonekana na watu, upande wa siri uwe wa pili. Msumeno wa umeme wa duara na ule wa ulimi mwembamba unaopanda na kushuka ni kinyume, meno yake yanatoka kwa juu, basi uso mzuri uwe chini. Utepe wa karatasi wenye gundi ukibandikwa juu ya mstari unasaidia kwa yote.

Anza kwa kuvuta, sio kusukuma. Weka fundo la kidole gumba kando ya mstari kama ukuta, lalia msumeno hapo, uvute kwako mara tatu nne, mepesi, mpaka njia ijitengeneze. Ondoa kidole. Kidole cha shahada kinyooke pembeni ya mpini, kinaongoza kuliko unavyodhani. Msumeno ulale kama nyuzi 45. Kiwiko, bega na msumeno viwe kwenye mstari mmoja, na utumie urefu wote wa msumeno, si kile kipande cha katikati tu. Usibonyeze. Msumeno mkali unakula kwa uzito wake wenyewe, ukiona unabonyeza, unoe. Kila sentimita kumi simama, tazama upande wa pili kama umefuata mstari. Ukiona unakwenda kombo usiupindue msumeno, rudi nyuma mahali uliponyooka uanze upya kutoka hapo. Paka nta ya mshumaa kwenye mashavu ya msumeno, utaona tofauti.

Sentimita mbili za mwisho ndizo zenye hasara. Mwenzako ashike nusu zote mbili, asivute, asinyanyue, ashike tu. Wewe punguza mwendo, pigo fupi fupi. Nikafika hapo Mikindani nikasikia sauti ya msumeno inabadilika, inakuwa nyembamba, kisha ule ubao ukaachana wenyewe bila kupasuka. Sehemu mpya ya mkato ilikuwa na rangi ya kahawia yenye wekundu, mbichi kabisa, wakati nje kabati limekuwa jeusi kwa miaka na moshi. Mninga ndivyo ulivyo. Mti wake ukikatwa unatoa utomvu mwekundu kama damu, na mbao zake hazisahau rangi hiyo.

Vumbi lake usilivute. Mninga unaamsha pumu, mvule unawasha ngozi na kifua. Vaa barakoa, fungua dirisha, watoto watoke. Mpangapanga ukikuchoma kibanzi, kitoe siku hiyo hiyo, kinatunga usaha. Na mvule una tabia nyingine: ndani yake huweza kuwa na mawe, chokaa iliyoganda ndani ya mti ukiwa hai, huioni mpaka msumeno ulie. Kama kabati lako lina rangi ya zamani sana ya mafuta, usilisugue kwa msasa mkavu, rangi za enzi hizo huweza kuwa na risasi, yale madini yenye sumu. Lowesha kwanza. Kwa anayetumia msumeno wa umeme: waya upite begani nyuma yako, chomoa kabla ya kugusa meno, usivae glavu wala kanzu wala shati lenye mikono mipana. Hayo sitaki kuyarefusha, kila fundi anamjua mwenzake aliyepoteza kidole.

Kabati dogo lilikuwa limekwisha hapo hapo, lina mbavu zake mbili. Nilirandia tu mdomo wa mkato. Ncha ya ubao ukiiranda kutoka upande mmoja moja kwa moja, kona ya mwisho inavunjika. Randa kutoka kila upande kuja katikati.

Kwa kabati kubwa nilihitaji ubao wa sentimita 195 kwa 60. Mninga wa upana ule sikuupata, nikachukua mkongo, mbao tatu nikaziunga kwa gundi. Sikuwa na vibanio vya kutosha, nikatumia njia ya mjomba: kamba ya katani izungushwe kifurushi chote mara mbili, uingize kijiti katikati ya kamba, ukizungushe mpaka gundi itoke kwenye maungio, kijiti ukikingie kwenye ubao kisirudi. Weka karatasi chini ya kamba kwenye kona isiache alama. Iache siku nzima na usiku wake.

Kuufunga ubavu ule kwenye kabati kuna mtego. Skrubu ikiingia kwenye ncha ya ubao, yaani sambamba na nyuzi, inashika kidogo sana, ni kama kuichomeka kwenye fagio. Usitegemee hizo peke yake. Ndani ya kabati, kwenye kona ya ubao wa juu na ubavu, na kona ya chini vile vile, bandika mti wa sentimita 4 kwa 4 unaokwenda kina chote kuanzia nyuma ya mlango. Upake gundi pande mbili, ufunge skrubu kuingia ubavuni na skrubu kuingia kwenye ubao wa juu. Hapo skrubu zote zinakingama nyuzi na zinashika kwelikweli. Tanguliza tundu kwa keekee kila mahali, mkongo ni mgumu, ukiulazimisha skrubu inakatika shingo. Sabuni kidogo kwenye nyuzi za skrubu inailainisha. Bawaba tatu nilizipima kutoka kwenye mlango wenyewe, sio kutoka kwenye ubao wa zamani, kwa sababu mlango ndio ulikuwa umebaki na ukweli wake. Bomba la nguo likaingia bila kukatwa, milimita mbili hazikulisumbua.

Kama shida yako sio upana, fuata kanuni hii. Urefu punguza chini, kwenye kitako au miguu, juu paache. Kina punguza nyuma, mbele paache, maana mbele kuna bawaba na kitasa na sura yote. Milango ya fremu, yenye kibao ndani ya mbao nne, usiipunguze zaidi ya sentimita mbili kila ncha. Ndani ya mbao hizo kuna ulimi ulioingia kwenye tundu, ukikata sana unaufungua ulimi na mlango unaachia.

Meza na vitanda, watu hukatia miguu kwa macho. Usifanye hivyo. Nikiwa bado mwanafunzi nilikata mguu mmoja wa meza ya mwalimu fulani ikayumba, nikakata wa pili, ikayumba kwingine, nikaendelea hadi meza ikashuka sentimita nane na mjomba akamlipa mwalimu yule mbao mpya. Njia sahihi ni hii. Weka meza kwenye sakafu iliyonyooka, kagua kwa pima maji. Mguu unaoelea uwekee vipande vya kadi chini mpaka meza itulie na pima maji itulie. Kisha chukua kipande cha mti chenye kimo unachotaka kupunguza, ukilaze sakafuni, weka penseli juu yake, uzungushe kila mguu pande zote nne. Mstari huo ukiukata, meza imekaa.

Tukatoa nusu zote mbili Mikindani siku ya pili asubuhi. Kabati kubwa lilitanguliza ubavu, likapita kwenye 75, likafika ukumbini likageuka taratibu, na mjomba wao mwenyewe akiwa ameshika kona. Mikanda ile ya X hatukuitoa mpaka makabati yalipofika, kwa sababu kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, na barabara vinaweza kuharibu kona kuliko msumeno. Kabati dogo likashushwa Magomeni ya hapa Mtwara, kubwa Ligula, huko ndiko nilikofunga ubavu mpya. Kitako cha zamani kilikuwa cha mchwa, nikaunda viwili vipya, chini nikavipaka oil chafu, kwa nje tu, isifike kwenye nguo. Msasa namba 80, kisha 120, vanishi nyepesi mara mbili. Dada mkubwa hakutaka nipake rangi ubavu wa mkongo ufanane na mninga. Upande wa maandishi wa kabati dogo sikupitisha msasa wala vanishi, maana vingeifuta penseli.

Jambo la mwisho ni mvua. Nilikata kiangazi, mbao zikiwa zimenywea. Huku kwetu mvua zikianza mwisho wa mwaka mbao zinavimba, na mlango uliobana mwezi wa saba haufungi mwezi wa kwanza. Acha upenyo wa milimita 2 hadi 3 kuzunguka kila mlango, na mwambie mwenyewe kwamba utarudi. Nilirudi Ligula mwezi wa kwanza. Mlango wa pili, ule ulio kwenye ubavu mpya, ulikuwa unagusa chini upande wa komeo. Niliushusha, nikarandia nusu milimita, nikaipaka ncha ile vanishi isinywe maji tena, nikaurudisha kwenye bawaba zake.